Rekodi Safi ya Marehemu Sikudhani

Nchi hii haimo kwenye ramani yoyote. Wenyewe husema ni kosa la mchora ramani, ambaye kwa bahati mbaya aliajiriwa bila kuchunguzwa tabia. Ni kwa sababu ya watu wa namna hiyo Bunge lao tukufu likapitisha Sheria ya Kumjua Mtu Kabla ya Kumpa Kazi. Siku ilipopitishwa, Waziri wa Ajira na Uaminifu alisimama, akajifuta jasho kwa leso ya hariri, akatoa hotuba ambayo watoto wa shule huikariri hadi leo.

"Waheshimiwa," alisema, "kuanzia sasa hakuna mwananchi atakayenyimwa kazi kiholela. Atanyimwa kwa utaratibu. Ataarifiwa kwamba atachunguzwa. Ataridhia kwa maandishi achunguzwe. Akionekana hafai, atapewa nakala ya mabaya yake yote, bure, na atapewa nafasi ya kupinga. Ni nchi gani nyingine inayomheshimu hivi mtu inayemkatalia?"

Wabunge walipiga meza mpaka moja ikavunjika, ikaundiwa tume.

Sheria hiyo ilimkuta Sikudhani akiwa mjane. Mumewe, fundi seremala, alipofariki, kaka wa marehemu, Bwana Kiondo, alimchukua binti yao Tausi akakae kwake "mpaka mama yake asimame". Kusimama, alieleza Bwana Kiondo mbele ya ukoo mzima, maana yake ni kazi inayoeleweka na nyumba isiyovuja. Hakueleza kwamba kiwanja alichoacha seremala kilikuwa kinamfuata mtoto popote anapolala, kwa kuwa hakuna aliyemuuliza.

Sikudhani alikuwa mkunga mwenye cheti. Basi hospitali ya mji ilipotangaza nafasi ya mkunga katika wodi ya wazazi, pamoja na nyumba ya watumishi, aliona mambo yamekaa sawa. Alipeleka maombi asubuhi, na mchana akaenda kwa shemeji yake kumwona mtoto. Tausi alikuwa ndiyo kwanza ameng'oka meno ya mbele.

"Ijumaa nakuja kukuchukua," Sikudhani alimwambia. "Funga vitu vyako."

Alisema hivyo kwa sababu alikuwa bado hajaisoma sheria.

*

Aliyetumwa kumchunguza aliitwa Bwana Pazi, Mchunguzi wa Tabia Daraja la Pili. Alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye viatu vilivyopigwa dawa mpaka vikamtia aibu kutembea navyo uswahilini. Alikaa kwenye kigoda cha Sikudhani, akatoa karatasi moja.

"Dada yangu, hii inasema kwamba nitakuchunguza. Imetengwa peke yake, haikuchanganywa na maelezo mengine, ndivyo sheria inavyotaka ili usidanganyike. Unaweza kuikataa. Una haki kamili ya kukataa."

"Na nikikataa?"

"Na kazi nayo ina haki kamili ya kukukataa wewe."

Sikudhani alitia sahihi. Hakuwa na wasiwasi. Alikuwa ameishi mtaa ule tangu aolewe, na nusu ya watoto waliokuwa wakipiga kelele nje alikuwa amewapokea yeye kwa mikono yake. Angechunguzwa wapi akaonekana mbaya?

Lakini majirani walikuwa wameisoma sheria kuliko yeye. Kifungu cha tisa kinasema kwamba atakayemsifu mwombaji atahesabiwa kuwa ndiye mdhamini wake, na mwombaji akiharibu kazini, ataanza kufungwa mdhamini, kwa kuwa ndiye anayejulikana anakoishi. Atakayemsema vibaya hatadaiwa lolote, na atashukuriwa kwa uzalendo wake.

Bwana Pazi alipobisha hodi kwa Mama Chausiku, mlango wa pili tu kutoka kwa Sikudhani, yule mama alikuwa anamenya ndizi. Sikudhani alikuwa amemzalisha watoto wake wote, na walikuwa wakiombana chumvi kila siku ya Mungu.

"Mama Tausi?" alisema Mama Chausiku bila kuinua macho. "Simjui kihivyo. Namwona tu akipita."

"Tabia yake?"

"Ana kawaida ya kusalimia kwa sauti. Sijui anaficha nini."

Mwenye duka alisema huwa ananunua vitu kidogo kidogo, jambo ambalo si la kawaida kwa mtu mwenye nia njema. Mwenyekiti wa mtaa, Mzee Mwinshehe, ambaye alikuwa ndiye aliyemwozesha, alisema sura yake si ngeni.

Halafu Bwana Pazi akageukia upande wa madeni, maana sheria inataka mtu ajulikane mpaka mifukoni. Alizunguka mabenki, vikundi na maduka, akarudi mikono mitupu. Sikudhani hakuwa anadaiwa popote, na hakuwahi kudaiwa. Hili ndilo lililommaliza. Mtu ambaye hajawahi kukopeshwa, inasema kanuni, ni mtu ambaye hajawahi kuaminiwa na yeyote, na serikali haiwezi kuwa ya kwanza. Waziri mwenyewe alikuwa akidaiwa na kila benki nchini na mbili za ng'ambo, na ndiyo maana alikabidhiwa wizara ya uaminifu.

*

Ijumaa ilifika. Badala ya kwenda kumchukua mtoto, Sikudhani alikwenda kupokea nakala ya mabaya yake. Bwana Pazi alimkabidhi kwa mikono miwili.

Alisoma akiwa amesimama. Alipofika kwenye maneno ya Mama Chausiku, macho yalimuuma. Alimjua mwenye maneno hata bila jina, kwani hakuna mwingine mtaani aliyewahi kumtania kwa ile sauti yake ya salamu.

"Nataka kupinga," alisema.

"Haki yako. Ofisi ya Pingamizi ni ile pale, kwa Bwana Mafuru."

Ofisi ya Bwana Mafuru ilikuwa na meza kubwa, kiti cha kuzunguka na koti la kijivu lililotundikwa kwenye kiti. Bwana Mafuru mwenyewe hakuwemo.

"Ametoka kidogo," alisema Bwana Pazi.

Sikudhani alikaa kwenye benchi la nje. Alirudi Jumatatu, na kila siku baada ya hapo. Koti lilikuwa pale pale, likipigwa na jua la dirishani mpaka bega moja limepauka.

"Sasa kwa muda huu wote anaotoka kidogo, mimi ninakuwa nani?" aliuliza.

"Sheria imeliona hilo," Bwana Pazi alimjibu kwa upole. "Mpaka Bwana Mafuru aamue pingamizi, hali inabaki kama ilivyo. Hukuwa na kazi, basi utaendelea kutokuwa nayo. Hakuna atakayekubughudhi."

Alipopita kwa shemeji yake jioni ile, Tausi alikuwa amekaa kwenye kizingiti, kifurushi cha nguo kimefungwa kwa kanga kando yake. Sikudhani alimwona kwa mbali, akashindwa kufika, akageuza njia. Hilo lilimuuma kuliko yote yaliyoandikwa kwenye ile nakala, kwa kuwa hili lilikuwa la kweli.

*

Wiki hiyo alifariki Ngwale. Kila mtu alimjua Ngwale. Alikuwa anaiba kuku wa jirani, kisha anakuja kusaidia kuwatafuta. Alikuwa amevunja mlango wa zahanati, akauza hata kitanda cha kuzalia. Mkewe alikuwa na jino moja la dhahabu, na inajulikana wazi yale mengine yalikwenda wapi.

Mtaa mzima ulikwenda kuzika, kama ilivyo ada. Mzee Mwinshehe akasimama, akasoma wasifu wa marehemu. Marehemu alikuwa mchapakazi. Marehemu alikuwa mwaminifu, mpenda watu, na mfugaji hodari wa kuku. Wamiliki wa kuku walitikisa vichwa kwa majonzi. Mama Chausiku alilia mpaka akashikiliwa, na kilio chake kilikuwa cha kweli, maana wakati huo alikuwa ameshaamini.

Sikudhani alikuwa amekaa mkekani akisikiliza. Alishangaa kuona Bwana Pazi amesimama karibu na kaburi, anaandika kila neno.

"Aliwahi kuomba kazi," Bwana Pazi alimnong'oneza alipomwona anamtazama. "Mtunza stoo wa hospitali. Siku zote ripoti yake ilikuwa chafu. Leo ndiyo nimepata watu wa kumsema vizuri."

"Na kifungu cha tisa? Hawaogopi kumdhamini?"

"Wamdhamini asifanye nini, dada yangu? Keshafanya yote."

Siku chache baadaye mjane wa Ngwale alipata barua. Marehemu alikuwa amefaulu kwa alama za juu na ametakiwa kuripoti kazini mara moja.

Sikudhani alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Mwinshehe.

"Mwenyekiti," alisema, "naomba mnizike."

Mzee Mwinshehe alikuwa anakunywa chai. Aliiweka chini taratibu. Hakuwa mtu mbaya, na tangu siku ya uchunguzi alikuwa akipita njia ya nyuma ili wasikutane. Akachukua Kanuni za Mazishi, akavaa miwani, akasoma mbele na nyuma. Kanuni zilitaka wasifu usomwe, chakula kipikwe, udongo urushwe na muhuri wa mwenyekiti ugongwe. Maiti haikutajwa popote, kwa kuwa waliotunga waliona hilo linajulikana.

"Tutazika mgomba," alisema Mzee Mwinshehe. "Wazee wetu walikuwa wakifanya hivyo kwa aliyepotelea mbali asionekane. Na wewe, kusema kweli, tumekupoteza sisi wenyewe."

*

Mazishi ya Sikudhani yalihudhuriwa sana. Pilau ilitosha na ikabaki. Mgomba ulivishwa sanda safi, ukabebwa kwa heshima. Bwana Kiondo alifika mapema kuliko wote, akiwa ameshaelezwa kinachofanyika, akala sahani mbili na kurusha udongo kwa mkono wake mwenyewe.

Sikudhani alikuwa amefungiwa chumbani, ameambiwa asikohoe. Alisikiliza kupitia upenyo wa dirisha. Mzee Mwinshehe alisoma ya kawaida: mchapakazi, mwaminifu, mpenda watu. Kwa mara ya kwanza katika historia ya mtaa ule wasifu ulikuwa wa kweli, na msomaji akawa anakwamakwama kwa kukosa mazoea.

Kisha Mama Chausiku akasimama bila kuitwa.

"Mtoto wangu wa mwisho alitoka kimya," alisema. "Wote tulikata tamaa. Mimi mwenyewe niligeukia ukutani. Mama Tausi hakukata tamaa, alimpulizia mdomoni mpaka akalia. Ndiye yule anayechezea mchanga pale. Na walipokuja kuniuliza habari zake nikasema simjui. Mlango wa pili, jamani. Nilisema simjui."

Akakaa chini. Sikudhani naye ndani alikuwa ameuma pindo la kanga. Alitamani kufungua dirisha amwambie, mwenzangu, niko hapa, sema tena. Alimsamehe palepale, na akamkasirikia palepale pia, kwamba ilibidi azikwe ndipo aambiwe.

Nje, Bwana Pazi alikuwa anaandika. Alijua kilichokuwa ndani ya sanda. Lakini kazi yake ilikuwa kuandika yanayosemwa.

*

Barua ya ajira iliandikwa "Kwa Marehemu Sikudhani" na ilikuwa na pongezi nyingi. Alikwenda hospitali akiwa amevaa sare iliyopigwa pasi.

"Naripoti kazini," alimwambia mlinzi wa getini.

Mlinzi alimwangalia juu mpaka chini.

"Wafanyakazi wetu huwa hawaji, mama."

"Hawaji kivipi?"

"Wana rekodi safi wote," alisema mlinzi kwa fahari. "Hospitali yetu imeshika nafasi ya kwanza kitaifa kwa uadilifu. Hakuna anayeiba dawa, hakuna anayechelewa, hakuna anayejibu wagonjwa ovyo. Mishahara yao haikosi kuchukuliwa kila mwezi, ila hakuna aliyewahi kuwaona wakiichukua. Mganga Mkuu peke yake ndiye yuko hai, lakini yuko semina."

Kutoka wodini ilisikika sauti ya mwanamke akiita mama yake. Sikudhani hakungoja mengine. Alimkuta mama kijana amelala sakafuni, na pembeni yake mama mwingine, mwenye tumbo kubwa vilevile, akijaribu kumsaidia kwa kukumbuka alivyofanyiwa yeye mara ya mwisho. Sikudhani alinawa mikono, akapiga goti. Kabla jua halijachwa alikuwa amepokea watoto wote waliokuwa wakisubiri kupokelewa, na wodi ikanuka uzazi na sabuni.

Alipewa ufunguo wa nyumba. Mshahara nao aliupata, baada ya mabishano marefu dirishani, kwa kuwa alikuwa marehemu wa kwanza kuja kuchukua wake mwenyewe na hakukuwa na utaratibu. Alinunua kitanda kidogo na neti ya kukitosha. Kisha akaenda kwa Bwana Kiondo.

"Shemeji, nimesimama," alisema. "Kazi ninayo, na nyumba haivuji. Nimemfuata mwanangu."

Bwana Kiondo alimkaribisha kiti, akamuuliza hali, akashusha pumzi.

"Shemeji, mimi nilikuwepo. Nimerusha udongo kwa mkono huu. Mtoto ambaye hana baba wala mama ni wa ukoo. Mimi nisingependa, ni sheria tu."

"Ulizika mgomba, shemeji."

"Kisheria nilikuzika wewe," alisema Bwana Kiondo. "Na niliumia sana."

*

Alimkuta Bwana Pazi ofisini, akipiga viatu dawa.

"Nataka kuwa hai," Sikudhani alimwambia.

Bwana Pazi alifunga mlango. Akaeleza kwamba mambo hayo hayajawahi kuombwa, lakini mwongozo upo. Mamlaka ilikwishagundua kwamba katika nchi nzima hakuna marehemu aliyewahi kulaumiwa. Kwa hiyo mtu akilaumiwa na mtu anayemjua vizuri, lawama ya kweli, ya sasa, hiyo ni ithibati tosha kwamba yuko hai.

Kumbe hilo ndilo dogo, aliwaza Sikudhani. Mtaa wake ulikuwa na kipaji hicho.

Lakini majirani walikuwa wametia sahihi wasifu, na kusema kinyume cha wasifu ni kuivunjia heshima dola. Mama Chausiku alijitahidi kwelikweli. "Mwandikie kwamba ana…" alianza, kisha akatazama mwanaye anayechezea mchanga, akasema, "Siwezi, baba. Mwanamke huyu hana baya." Mzee Mwinshehe alishindwa hivyo hivyo. Mtaa mzima haukuweza kumpata kasoro, na ule wema wao ukawa unamchimbia kaburi zaidi.

"Amebaki mtu mmoja tu anayenijua," alisema Sikudhani.

Walikwenda wakati Bwana Kiondo ametoka. Sikudhani alisimama nyuma ya ua wa makuti, asionekane, maana ushahidi haukubaliki ukitolewa mbele ya anayeshuhudiwa. Tausi alikuwa amekaa kizingitini. Kile kifurushi cha kanga kilikuwa bado pembeni yake.

"Mama yako namjua," Bwana Pazi alianza. "Yukoje?"

"Baba mkubwa anasema amekufa," alisema Tausi.

Nyuma ya ua Sikudhani alishika makuti.

"Na wewe unasemaje?"

"Hajafa. Anachelewa tu. Ni kawaida yake."

Bwana Pazi akatoa kalamu haraka. "Kawaida yake. Ana nini kingine?"

"Muongo. Alisema Ijumaa, na haikuwa Ijumaa. Tena siku ile nilimwona pale kwenye kona, akageuka. Alidhani sijamwona. Akinisuka ananivuta nywele. Anakoroma. Uji wake una mabonge, na anasema hauna." Alifikiri kidogo. "Akija simsalimii."

Kila neno Bwana Pazi aliliandika, na kila neno Sikudhani alilipokea nyuma ya ua kwa machozi yaliyomtiririka mpaka shingoni. Lawama zote zilikuwa za kweli. Tausi alipofika kwenye salamu, Sikudhani hakuweza kuvumilia tena, akatoka, akapiga magoti mbele ya mwanaye. Tausi alimtazama, akageuza uso pembeni kama alivyoahidi, akakaza hivyo kwa muda, kisha akamwangukia.

Bwana Kiondo alirudi akakuta kifurushi hakipo. Alikwenda ofisini kwa Bwana Pazi, akasema mtoto si shahidi. Bwana Pazi alimfungulia sheria: umri wa kusifu umewekwa, umri wa kulaumu haukuwekwa. Basi Bwana Kiondo akasema anapinga.

"Haki yako," alisema Bwana Pazi. "Ofisi ya Pingamizi ni kwa Bwana Mafuru."

*

Hospitali nayo, kwa kuheshimu sheria, ilimwandikia Sikudhani. "Tumebaini," ilisema barua, "kwamba uko hai, jambo ambalo hukulitaja kwenye maombi yako. Ripoti yako ya sasa ina uongo, uchelewaji na uji wenye mabonge. Tunakusudia kukuondoa kazini. Kabla ya hapo unayo haki ya kupinga."

Sikudhani aliisoma barua yote bila kuruka neno, akaenda kupinga. Koti la kijivu lilikuwa pale pale, mabega yote mawili sasa yamepauka. Kwenye benchi la nje alikuwa amekaa Bwana Kiondo, anasubiri.

"Hali inabaki kama ilivyo mpaka aamue," alisema Bwana Pazi, akimsindikiza koridoni. "Una kazi, basi utaendelea kuwa nayo."

"Bwana Mafuru atarudi lini?"

Bwana Pazi aliangalia nyuma kuhakikisha benchi liko mbali.

"Mimi ndiye niliyemsomea wasifu, dada yangu. Hatujawahi kuwa na ofisa mwenye rekodi safi kama ile."

Sikudhani alikwenda zake wodini, ambako walikuwa wakimngoja. Waziri hivi karibuni alitangaza kwamba vifo vya wazazi katika hospitali ile vimepungua ghafla, na akawasifu watumishi wake wote, mmoja mmoja kwa majina, kwa utulivu wao. Jina la Sikudhani halikutajwa, kwa kuwa suala lake liko kwenye pingamizi.

Asubuhi, katika nyumba ya watumishi isiyovuja, Tausi hukaa mbele ya bakuli akitafuta mabonge kwa kijiko. Akilipata moja huliinua juu, mama yake alione, kisha huanza: uji huu, na nywele zangu ulivyozivuta jana, na ile Ijumaa. Sikudhani huwa ameshavaa sare na anatakiwa awe njiani. Hata hivyo huvuta kigoda, akakaa, akamsikiliza mpaka amalize yote.